Kofia za Njano Wadi Rum

Mount Dennis, Toronto
Jumapili, 5 Machi

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu haijavimba kwa sababu ya ndege na koo halijakauka kwa vumbi. Sisi huku hatujambo. Theluji ilianguka tena jana, ile nzito yenye maji, na Cheruiyot amesafisha ngazi baada ya kusukumwa sana. Nikimwuliza kama ameshiba ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya huyu kitinda mimba wako, lakini sahani ilikuwa tupu. Dada Jeptoo amepiga simu kutoka Calgary, anakusalimu.

Ulisema nisikupigie kwa sababu kwenye simu tunaulizana hali mpaka mtandao unakatika. Basi naandika. Shenaz wa wakala wa safari ameniahidi kwamba atakuonyesha barua zangu kwenye simu yake, na zako za mkono atazipiga picha anitumie mkifika penye mtandao.

Nina ombi. Nilikuona pale uwanja wa ndege. Mchungaji alikuuliza, "Kiongozi, mko wangapi?" nawe ukamjibu, "Tupo, mchungaji. Tupo sote." Kisha ukatazama pembeni. Najua kwetu mtu hahesabiwi. Watoto hawahesabiwi, ng'ombe hawahesabiwi. Anayehesabiwa anaonyeshwa kwa kifo. Nimelelewa hivyo, na sasa nasomea takwimu, kazi ya kuhesabu watu mchana kutwa. Sijui kama niliichagua au nilikuwa nashindana nawe.

Lakini jangwani, Mama, mtu akisahaulika hasimamishi basi la Weston Road. Akina mama wa kanisa wamekupa uongozi wa safari hii, na najua ulivyoufurahia. Tangu tuje Canada hujawahi kuitwa kiongozi wa kitu chochote. Nakuomba uwahesabu kila mnapopanda gari. Hata kimoyomoyo.

Najua pia kwa nini ni vigumu kwako kuliko kwa wengine. Usiku ule wa sensa, karani alipokuuliza watoto ni wangapi, ulimwambia Mungu ndiye ajuaye. Mimi, na miaka yangu tisa, nikatoka nyuma ya pazia nikasema tuko wanne. Mdogo wangu Kiprop akafa kabla ya Krismasi. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, nami sitalizungumza leo. Nimelitaja tu ili ujue kwamba najua ninachokuomba.

Binti yako,
Cherotich


Wadi Rum, Jordan
Jumatano, 8 Machi

Cherotich binti yangu,

Chamgei, salamu za kwetu. Sisi tuko salama, tunamshukuru Mungu. Wewe unalala? Ukisoma sana unasahau kula, halafu unamwuliza mwenzako kama ameshiba.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeishika simu mbali kama mtu anayeogopa nyoka, kwa sababu miwani yangu ya kusomea iko kwenye sanduku, na sanduku liko Frankfurt. Wenzangu wamepata mizigo yao. Mimi nimeazimwa nguo na Donatienne, yule mama wa Bukavu anayekaa Scarborough, anayetuanzishia nyimbo kwayani. Unajua mwili wake na unajua wangu. Nikitembea kati ya mahema haya naonekana kama hema lililotoka kutembelea ndugu zake.

Nchi hii ni nzuri kwa namna ya kunyamazisha. Mchanga mwekundu kama udongo wetu wa Nandi, ila hauna hata jani. Milima imesimama peke yake, kila mmoja na mambo yake. Jana tulipandishwa ngamia. Wangu alikataa kusimama. Bwana Odeh, mwongozaji wetu, akasema si kosa langu, huyu ngamia ni mvivu tangu kuzaliwa. Donatienne akasema, "Msimusingizie ngamia. Ile kanzu ni yangu, uzito wake naujua miye." Tulicheka mpaka Bwana Odeh akatuletea chai, akidhani tunaumwa.

Kuhusu ombi lako, tuliza moyo. Kanisa lilitugawia kofia za njano, zote sawa, hata Shenaz anayo. Kabla gari halijaondoka nahesabu kofia. Kofia si watu. Kofia ikifa hakuna msiba.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Mwambie Cheruiyot asiache jiko likiwaka.

Mama yako,
Rael


Mount Dennis, Toronto
Alhamisi, 9 Machi

Mama,

Hujambo? Nimefurahi kusikia mnacheka. Pole kwa sanduku. Vaa hiyo kanzu kwa imani.

Lakini kofia huvuliwa, Mama. Kofia huazimwa, hupeperushwa na upepo, husahaulika kwenye benchi. Ukihesabu kofia utajua kofia ziko ngapi, basi. Hicho ndicho kitu cha kwanza tulichofundishwa darasani, na sijui kwa nini nakuandikia kana kwamba mimi ni mwalimu wako. Nisamehe sauti, lakini shika neno.

Umesema mengine umeyasoma. Nami nimesoma kwamba umeyasoma.

Cherotich wako


Wadi Rum
Jumamosi, 11 Machi

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mwili ni mzima.

Jana tulimwacha Donatienne jangwani.

Tulipelekwa kwenye ufa wa mlima, mahali pembamba penye michoro ya watu wa kale. Ndani kuna kivuli na baridi. Yeye akajifunga kitambaa kichwani, akaacha kofia yake kwenye benchi la gari, akaingia mbele kuliko sote. Tulipotoka, jua lilikuwa kali na kila mtu alitaka kwenda kula. Nikasimama mbele ya gari nikahesabu kofia. Zilikuwa kamili. Nikamwambia Bwana Odeh, twende.

Tulifika kwenye chakula, tukatandikiwa mikeka. Nikasema, "Donatienne, tuanzishie wimbo wa kushukuru." Wimbo haukuanza. Nikageuka kutazama garini. Kofia yake ilikuwa imekaa kwenye benchi peke yake, kama mtu aliyenuna.

Bwana Odeh aligeuza gari hata kabla hatujamaliza kupiga kelele. Nilitaka kwenda naye, akaniambia nikae na wenzangu. Kungoja kule sitakueleza. Wali ulipoa, na hakuna aliyegusa.

Bwana Odeh alirudi naye jua likiwa linashuka. Alimkuta ameketi na mama mmoja mchungaji wa mbuzi aliyemsikia akiita, amempa chai na kumfunika mabega. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kuita majina yetu. Alishuka bila kunitazama. Wengine wakamkumbatia. Nilipomfikia akanisimamisha kwa mkono.

Akasema, "Rael, miye nilikimbia vita na mimba ya miezi saba. Nilivuka ziwa mu giza na watu sikuwajua hata mumoja. Hakuna mutu alinisahau. Leo umenisahau weye, na unajua jina yangu."

Nimemrudishia kanzu yake nikiwa nimeifua. Sasa nimejifunga shuka la hema.

Kesho baada ya maombi akina mama watakaa wachague kiongozi mwingine. Nimeshaamua kabla yao. Nitaketi nyuma kabisa ya gari mpaka safari iishe, na nikirudi Toronto nitakwenda kazini kwa wazee wangu ninaowatunza na kurudi nyumbani. Chama cha akina mama basi.

Usiniandikie kwamba uliniambia.

Mama yako


Mount Dennis, Toronto
Jumapili, 12 Machi

Mama,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo changu, na sikurudi mpaka nilipoimaliza mara ya pili. Namshukuru Mungu kwa yule mama mwenye mbuzi. Mpe Donatienne pole yangu, hata kama hatakusikiliza.

Sitakuandikia kwamba nilikuambia. Nitakuandikia jambo jingine, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Nilisema sitalizungumza. Nimeshindwa. Ulisimama mbele ya gari la watu wazima, watu unaowapenda, na bado hukuweza kuwanyooshea kidole ukasema mmoja, wawili. Ukahesabu vitambaa vya kuvaa kichwani. Mtu haogopi hivyo kwa sababu ya desturi tu. Mama yake Mutuma wa kanisani ni Mmeru, kwao pia watu hawahesabiwi, lakini mwaka jana niliona anahesabu watoto wa shule ya Jumapili kwenye bustani na hakupepesa hata jicho.

Kwa hiyo nauliza. Kiprop alipokufa, uliamini kwamba ni mimi?

Nakumbuka macho yako mwaka ule. Nakumbuka uliacha kunituma niwaite wenzangu kuja kula, ukawa unatoka mwenyewe mpaka mlangoni. Nilidhani sauti yangu ina kitu. Nikajifunza kunyamaza, na watu wakaanza kuniita msichana mpole, nami si mpole hata kidogo, unanijua. Nimesoma vitabu vingi vinavyosema ni ugonjwa unaoua na si nambari. Vyote ni kweli na havikunisaidia, kwa sababu si vitabu nilivyokuwa na neno navyo.

Ukijibu hapana, nitashukuru. Ukijibu ndiyo, sitavunjika. Kinachonichosha ni kutojua.

Binti yako,
Cherotich


Mount Dennis, Toronto
Alhamisi, 16 Machi

Mama,

Habari za huko? Huku hakuna jipya. Theluji inayeyuka na chini yake kuna kila kitu ambacho watu walidondosha tangu Novemba.

Hakuna barua. Shenaz hapokei simu. Wakala wake wanasema kundi liko salama na kwamba kulikuwa na "mkanganyiko mdogo," neno ambalo halijanisaidia kulala. Nimejaribu kutofikiri kwamba umeisoma barua yangu ukaamua kutojibu. Kisha nafikiri afadhali iwe hivyo kuliko yale mengine.

Leo asubuhi Cheruiyot alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mama atarudi lini?" Kwa Kiswahili. Nadhani aliogopa kwamba kwa Kiingereza nisingemjibu.

Sijutii kuuliza. Najuta kwamba nimekuuliza ukiwa mbali, mahali ambapo huna hata nguo zako.

Cherotich


Wadi Musa
Ijumaa, 17 Machi

Cherotich binti yangu,

Tuko wazima sote. Naanza na hilo kwa sababu najua umekaa vipi. Sikuwa nimenyamaza. Simu yenye barua zako ilipotea pamoja na mwenye simu. Ngoja nikueleze.

Jumapili akina mama walikaa kama nilivyokuambia. Mmoja akasema kiongozi abadilishwe, wawili wakaunga mkono. Donatienne alikuwa hajasema neno na mimi tangu Ijumaa. Akainuka na sauti yake ile ya kukwaruza: "Mukimutoa huyu, mutaweka nani? Mutu ambaye bado hajamusahau mutu? Huyu sasa hatanisahau hata mu usingizi. Mwacheni." Wakacheka, ikaisha. Nilipotaka kumshukuru akanipa kanzu. "Vaa. Unatuaibisha na hiyo shuka."

Basi Jumatatu tukahama jangwani kwa basi dogo kuja huku. Njiani tukasimama kwenye duka, mahali mabasi yote madogo ni meupe na yote yana vumbi lile lile. Wakati wa kuondoka nilisimama mlangoni. Nilikumbuka ombi lako la kwanza. Hili la pili lilikuwa halijanifikia. Nikanyoosha kidole. Nikahesabu kwa sauti, kwa Kinandi, kichwa baada ya kichwa. Donatienne alikuwa ananitazama. Tulitakiwa kuwa kumi na mmoja, tukawa kumi na mmoja. Nikakaa. Nilisikia mwili wangu wote umelegea kama baada ya kuzaa.

Tulikuwa tumekwenda mbali ndipo yule wa mwisho, aliyelala nyuma amejifunika koti mpaka kichwani, akaamka. Alikuwa mzee wa Poland. Alitutazama, akatazama nje, akatutazama tena. Donatienne akampa chungwa.

Idadi ilitimia, mwanangu. Watu hawakutimia. Aliyebaki ni Shenaz, alikuwa chooni. Kundi la yule mzee walimhurumia wakampakia kumkimbiza kwetu, kumbe dereva wao alikuwa anaelekea Aqaba, kinyume na sisi, na kule simu yake ikazima kwa sababu chaja iko kwetu. Bwana Odeh amekuwa kwenye simu na dereva yule siku mbili nzima, kila mmoja akisema aje mwenzake. Mzee wa Poland tumekaa naye, anakula kila kitu, tumemfundisha "Bwana asifiwe." Jana tumebadilishana. Kila upande ulilia kidogo.

Nilipowaambia akina mama kwamba tangu nizaliwe ile ndiyo mara ya kwanza kuhesabu watu, Donatienne alikaa chini kabisa kwenye changarawe kwa kucheka. Lakini niliwadanganya. Ilikuwa mara ya pili.

Sasa swali lako. Nimelisoma jana. Nimeketi kama ulivyoniomba.

Ndiyo. Niliamini.

Si siku moja. Labda mwaka. Nilikuwa nakuogesha na kuona kile kinywa kilichosema. Hukukosea kuona macho yangu. Nilijua wewe ni mtoto, nilijua karani angepata jibu kwa jirani hata usingesema, na kujua huko hakukunizuia. Mtu anaweza kumpenda mtoto na kumwogopa kwa wakati mmoja. Sikumwambia mtu.

Kisha nawe ukashikwa na homa ile ile. Huwezi kukumbuka, ulikuwa unaweweseka. Nilikubeba mgongoni, mkubwa ulivyo, kwenda zahanati, na njiani nikajisikia nasema kwa sauti: umechukua mmoja, niachie hawa watatu. Nikalirudia njia nzima. Watatu, watatu. Nilihesabu, Cherotich, tena mbele ya Mungu mwenyewe, na wewe ukapona. Siku ya tatu ukaomba uji, ukasema hauna sukari. Hapo imani ile ikaniisha. Haikuisha kwa hekima. Iliisha kwa uji.

Sikukuambia, kwa sababu kukuambia imeisha kungekuwa kukuambia kwamba iliwahi kuwepo. Nikadhani ukikua utasahau. Nilikosea hesabu hiyo.

Na hofu ya kuhesabu iliyobaki si ile unayoifikiria. Siogopi tena kwamba mtu atakufa. Ni kwamba kila nikihesabu, mmoja anapungua. Hata wawe watu wa kanisa. Hata wawe wazee wangu kazini wakati wa chai. Ndiyo maana naona heri kofia.

Nisamehe. Si kwa barua tu. Nikifika nitakuambia kwa mdomo.

Mama yako,
Rael


Mount Dennis, Toronto
Jumamosi, 18 Machi

Mama,

Shukrani kwa barua. Shukrani kwa ndiyo. Niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa sakafuni karibu na kipasha joto, nikalia kilio ambacho sikukijua, hakikuwa na uchungu ndani yake. Cheruiyot akaja akakaa karibu nami na bakuli lake la nafaka. Nikampa aisome. Alisoma polepole, akiniuliza maneno. "Kuweweseka" hakulijua.

Aliponirudishia aliniuliza Kiprop alikuwa mtu wa namna gani, na mimi, Mama, nikakosa jibu. Nakumbuka jeneza. Nakumbuka shati la kijani. Kila kitu nilichonacho kuhusu yeye kimeegemea kifo chake.

Mkiwa bado mnangoja ndege, niandikie kitu kimoja. Chochote kisichohusu kufa. Tutakuja sote wawili kukupokea, na koti lako zito.

Binti yako,
Cherotich


Uwanja wa ndege, Amman
Jumatatu, 20 Machi

Watoto wangu,

Hamjambo? Tumefika uwanjani mapema mno, kwa sababu Shenaz haamini tena mtu yeyote. Sanduku langu limepatikana, linarudi peke yake kutoka Frankfurt. Donatienne amelala na kichwa chake begani kwangu, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia.

Kiprop alizaliwa wakati wa mvua, jina lenyewe linasema, na bibi yake alimwambia kwamba mvua ndiyo iliyomleta. Akalichukulia kama jambo la kifamilia. Ikianza kupiga mabati alitoka nje kuipokea, anasimama uani na tumbo mbele, anaiambia karibu. Na kama hakuitaka, kwa mfano kuna mpira barabarani, alitoka vile vile akaikataza. Isipomsikia alirudi ndani amelowa, amekasirika kama chifu aliyedharauliwa na askari wake.

Halafu anakwenda kwako, Cherotich. Hakuja kwangu wala kwa Jeptoo. Alisema wewe ndiye unayejua maneno. Anakuvuta mkono mpaka mlangoni, "Nenda uiambie." Nawe ulikwenda. Unasimama chini ya ukingo wa paa na uso wako ule wa kazi, unazungumza na mvua kwa adabu, kwa Kiswahili cha shule, unaieleza sababu moja baada ya nyingine. Ulikuwa unaweza kukaa pale hata saa nzima. Mvua za kwetu mnazijua, mwisho hukoma.

Wewe hukumwona, kwa sababu alikuwa nyuma yako. Mimi nilikuwa namwona. Alipanda juu ya debe la unga akakutazama kupitia dirisha, na ilipokoma alinigeukia na kuniambia, bila mshangao wowote, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu, "Amemaliza."

Mama yenu,
Rael